Kuhama chuo si dhambi. Ila unatokaje?



Mwezi uliopita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinipigia simu saa nne usiku. Anasoma sheria katika chuo kimoja cha mikoani, na matokeo ya mwaka wa kwanza yalikuwa yametoka siku hiyo. GPA 4.2, hana sapu hata moja. Nikajua anapiga ili tumshukuru Mungu pamoja. Kumbe ana lake.

"Kaka, nataka kuhama. Nataka Mlimani."

Hadithi yake wengi wenu mnaijua kwa sababu ni yenu pia. Alipomaliza Kidato cha Sita aliomba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alama zake zikawa hazitoshi kwa ushindani wa kozi ile. Akapata chuo kingine, akaenda. Sasa kila jioni anafungua status za WhatsApp anawaona aliosoma nao: huyu amepiga picha mbele ya ile maktaba mpya iliyofunguliwa 2018, yule amevaa fulana ya chuo. Yeye yuko hosteli, maji yamekatika, anasubiri ndoo.

Mimi, kama frateri mwenye digrii ya falsafa, nilikuwa na jibu tayari. Nikamwambia, "Mdogo wangu, ridhika ulipopandwa. Mungu hakosei anwani." Nililipenda hilo jibu. Nikaona hata linafaa kuandikwa kwenye kanga.

Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza taratibu, "Sawa kaka. Na wewe uliridhika?"

Sikuwa na la kusema. Yeye alikuwepo nyumbani likizo ile ninayoijua mimi, na alinisikia. Nitawaambia mbele kidogo alisikia nini. Kwanza tulitazame swali lenyewe, maana nimegundua nilimjibu haraka kwa sababu jibu lile lilikuwa linanilinda mimi.

Je, kutaka chuo kikubwa zaidi ni kiburi?

Kwenye mahubiri yetu mengi ya vijana tumezoea kuwa kubaki ni unyenyekevu na kutaka zaidi ni tamaa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino hakubaliani na urahisi huo. Katika Summa yake, anapoeleza fadhila ya nguvu, anaweka ndani yake fadhila nyingine ambayo naweza kuiita ukuu wa roho. Mwenye ukuu wa roho analenga mambo makubwa, na anayalenga kwa kadiri ya vipawa ambavyo Mungu amempa kweli. Tomaso anaona makosa pande mbili. Upande mmoja yupo anayejitwisha kuliko uwezo wake, yupo anayetafuta heshima bila mpaka, na yupo anayetaka sifa tupu. Upande wa pili yupo mwenye udogo wa roho, yaani mtu anayeliweza jambo lakini anajirudisha nyuma.

Na mfano anaoutoa wa huyo wa mwisho ni yule mtumishi wa Mathayo 25 aliyepewa talanta moja akaenda kuifukia. Si mwizi yule. Hakuila ile talanta kwenye anasa. Aliogopa tu, akaitunza salama ardhini, na bwana wake alimkasirikia. Kwa lugha yetu ya leo huyo angeweza kusifiwa kwenye jumuiya kuwa ni kijana mtulivu, ameridhika.

Tomaso anaongeza jambo ambalo lilinisaidia sana nilipolisoma mwaka wa pili wa falsafa. Unyenyekevu na ukuu wa roho havigombani, kwa sababu kimoja kinatazama upungufu wangu na kingine kinatazama zawadi za Mungu ndani yangu. Mtu yule yule anaweza kuwa navyo vyote. Kwa hiyo mtu akikuambia "nataka kuhama", bado hajakuambia kama ana kiburi. Na akikuambia "nabaki", hajakuambia bado kama ni mnyenyekevu au ni mwoga. Lazima uulize zaidi.

Basi usiku ule, baada ya kukwama, nikampa mdogo wangu kazi. Wanaosoma falsafa wanaijua pete ya Gyges, ile hadithi ya Plato katika kitabu cha Jamhuri: mchungaji anaokota pete, akiigeuza kidoleni haonekani, na swali linakuwa kama mtu asiyeonekana angebaki kuwa mwenye haki. Nikaigeuza ile pete. Nikamwambia, "Fikiria umepewa pete ambayo wewe unaonekana, ila jina la chuo chako halionekani. Hakuna atakayejua milele umesoma wapi. Wazazi hawatajua, wenzako hawatajua, hata mwajiri hatajua. Fulana huruhusiwi kuvaa. Je, bado ungehama?"

Alikaa siku mbili. Kisha akanitumia ujumbe wa sauti. Akasema angehama bado kwa mambo mawili: maktaba, na kukaa darasani na watu wanaomshinda, maana pale alipo ameanza kuongoza bila kusoma sana na anajiona anazembea. Halafu akacheka: "Lakini kaka nisikudanganye, nusu yake ni ile fulana."

Nilimpenda sana kwa neno hilo. Nusu ni hesabu ya kweli. Sijakutana na mtu ambaye sababu zake ni safi mia kwa mia, na tukisubiri mioyo yetu isafike yote ndipo tuamue, tutafia njia panda. Kazi yetu ni kuijua ile nusu nyingine kwa jina lake ili isishike usukani.

Wakati na ngazi

Kuna mtakatifu mmoja aliyehama vyuo kuliko wengi wetu. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alikuwa askari, akavunjwa mguu vitani Pamplona mwaka 1521, akaongoka. Alipotaka kuwasaidia watu kiroho aliona lazima asome. Akaanza Kilatini Barcelona akiwa mtu mzima kati ya watoto. Mwaka 1526 akaenda Alcalá, mwaka 1527 Salamanca. Huko alisoma mambo mengi kwa haraka na kwa vurugu, akahojiwa, akafungwa jela. Mwaka 1528 akafika Paris, chuo kikuu chenye jina kubwa kuliko vyote katika Ulaya ya wakati ule.

Unajua alifanya nini Paris? Alirudi nyuma. Aliona msingi wake ni mbovu, akaketi tena na watoto katika Chuo cha Montaigu kusoma Kilatini upya. Alikuwa na miaka kama 37. Baadaye alipohamia Chuo cha Mtakatifu Barbara akakaa chumba kimoja na Petro Faber na Fransisko Ksaveri, na mengine ni historia ya Wajesuiti.

Nilimsimulia hayo mdogo wangu kwa sababu ya jambo la kawaida kabisa. Kuhama kunapitia taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu, na chuo kinachopokea kinaangalia kama nafasi ipo, kama sifa zako za kuingilia zinatosha, na kama masomo uliyosoma yanalingana na ya kwao. Yasipolingana, unaweza kujikuta unarudia uliyokwisha kuyafaulu. Mambo ya Bodi ya Mikopo nayo lazima yahame pamoja nawe, na bumu si kitu cha kuchezea. Nikamuuliza, "Wakikwambia uanze mwaka wa kwanza tena, utaenda?" Hapo ndipo fulana na maktaba vinaachana. Anayetaka fulana ataona amedhalilishwa. Anayetaka kujifunza ataumia, atapiga hesabu, na pengine ataketi na "watoto" kama Inyasi.

Akasema, "Ngoja nifikirie." Sikumharakisha.

Inyasi huyo huyo ametuachia ushauri mwingine katika Mazoezi ya Kiroho: wakati wa ukiwa, moyo ukiwa na giza na uchovu, usibadilishe uamuzi ulioufanya wakati wa mwanga. Mdogo wangu alinipigia saa nne usiku, maji yamekatika, ametoka kuangalia status. Huo si wakati wa kujaza fomu. Tukakubaliana asubiri Jumapili tatu, na kila Jumapili baada ya Misa akae dakika 10 mbele ya Ekaristi ajiulize tena. Jumapili ya tatu hamu ilikuwepo bado, ila imetulia. Hakutaja tena wale wenzake.

Hata Mlimani yenyewe, nilimtania, ilianza mwaka 1961 ikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na sheria tu, katika jengo la mtaa wa Lumumba mjini. Kule kilimani walihamia baadaye.

Barua ya daktari

Nilidhani tumemaliza. Wiki ya nne akanipigia tena, sauti imebadilika.

Kuna mtu, mmoja wa wale wanaojiita wazoefu, alimwambia kuwa akiandika "nataka chuo bora" atachelewa, ila sababu ya ugonjwa inapita haraka. Aandike pumu. Inahitaji barua ya daktari tu, na barua inapatikana, kuna bei yake. Na kweli mdogo wangu alikuwa na pumu alipokuwa mdogo. Ilikwisha akiwa darasa la nne. "Kwa hiyo kaka si uongo kabisa," akaniambia. "Ni kama kuukuza ukweli."

Ningeweza kumkumbusha amri ya nane. Anaijua, ni mwalimu wa katekesi wa watoto. Ningeweza kumwambia, wewe unasomea sheria, siku moja utasimama mahakamani kupinga hati za kughushi. Hilo nalo analijua. Nikamsimulia habari ya mama mmoja.

Mwaka 383 Agostino, mwalimu kijana wa ufasaha wa kusema, alikuwa amechoka na Karthago, katika Tunisia ya leo. Wanafunzi wake walikuwa wakorofi. Rafiki zake walimwambia Roma kuna wanafunzi wenye nidhamu, na pia kuna pesa na heshima zaidi. Mwenyewe anakiri katika Maungamo kwamba utulivu wa darasani ndio uliomvuta zaidi, lakini yale mengine nayo yalimgusa. Nusu kwa nusu, kama mdogo wangu.

Mama yake, Monika, hakutaka aende, au kama anaenda, waende wote. Akamfuata mpaka pwani. Agostino akamdanganya. Alisema anamsindikiza rafiki anayesubiri upepo wa kusafiria. Akamshawishi mama alale katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriano lililokuwa karibu, na usiku, wakati mama anasali huku analia, mwana akapanda meli. Asubuhi Monika akakuta pwani tupu.

Sasa mtu atasema: lakini si ndivyo alivyofika Roma, kisha Milano mwaka 384, akakutana na Askofu Ambrosi, akabatizwa Pasaka ya mwaka 387? Bila safari ile tungempata wapi Mwalimu wa Kanisa? Ni kweli. Mungu alikuwa na njia yake ndani ya safari ile. Ila angalieni jinsi Agostino mwenyewe anavyoisimulia miaka mingi baadaye, akiwa ni askofu. Hasemi, "mwisho ulikuwa mwema, basi tusiongelee meli." Anaisema wazi: nilimdanganya mama, na mama yule. Kuondoka Karthago hakumsumbui tena. Uongo wa pwani ndio anaouungama.

Nikamwambia mdogo wangu: Mlimani unaweza kufika na barua ile. Utasoma vizuri, utapata digrii. Lakini kila ukikohoa mbele ya mtu utakumbuka. Na zaidi ya hapo, kama kuna mwanafunzi mwingine mwenye pumu ya kweli, anayeomba ahamie karibu na matibabu, barua zenu zitakaa kwenye faili moja, na yako itaifanya ya kwake isiaminike.

Hakujibu. Nilisikia tu anavuta pumzi. Mapafu mazima kabisa.

Wanaobaki

Kisha nikamuuliza kuhusu mwenzake wa chumbani. Huyu dada alipata sapu tatu, na mwaka mzima mdogo wangu ndiye aliyekuwa anamfundisha usiku. Nikauliza, "Umemwambia?"

"Nitamwambia nikishapata."

Hapa nataka tuwe makini, kwa sababu sisi watu wa Kanisa tunaweza kuigeuza shukrani kuwa kamba. Chuo kilikupokea, hakikukununua. Rafiki uliyemsaidia hana haki ya kukuambia usiende ili uendelee kumsaidia. Shukrani hailipwi kwa kujifunga mguu. Lakini rafiki anayo haki ya kujua. Akijua leo, ana muda wa kutafuta kundi jingine la kusomea. Akijua siku unafunga sanduku, umemwacha pwani kama Monika, ametoka kusali anakuta meli imeondoka. Na tena mdogo wangu ni mweka hazina wa TMCS hapo chuoni. Vitabu vya fedha vinatakiwa kukabidhiwa kwa hesabu, siyo kuachwa chini ya kitanda.

Alisikia, akasema, "Kaka, unaongea kama mtu aliyeachwa."

Hapana. Nilikuwa mimi niliyeacha. Na sasa niwaambie.

Sisi mafrateri hatuombi kuhama seminari kama mnavyoomba ninyi chuo. Askofu anakutuma, unaenda. Nilipokuwa mwaka wa pili wa falsafa mwenzetu mmoja alichaguliwa kwenda kuendelea na masomo Roma. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza darasa. Nilijua, na nilijua wenzangu wanajua. Sikuchaguliwa.

Muhula mzima uliofuata nilikuwa na sumu. Maktaba yetu ikawa ndogo. Walimu wetu wakawa hawajui kitu. Maharage yakawa hayaliki. Likizo nilipoenda nyumbani nikasema mezani, mdogo wangu yuko pale, kuwa nimetupwa mahali pasipo na hadhi yangu. Neno hilo ndilo alilolisikia. Nilirudi seminarini nikalala pale, nikala pale, nikaimba masifu ya asubuhi pale. Lakini nilikuwa nimeshahama.

Frateri mmoja wa mwaka wa kwanza alikuja chumbani kwangu na daftari la mantiki. Hakuielewa silojia. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Nikamwambia, "Hapa kila mtu anasoma mwenyewe," nikafunga mlango. Matokeo yalipobandikwa ubaoni, alikuwa ameshindwa mantiki. Nilisimama mbele ya lile karatasi muda mrefu. Hakuwahi kunilaumu. Ni kama hakukumbuka.

Nimekuja kuelewa kitu hapo. Yule mwenzetu aliyekwenda Roma, usiku wa mwisho alipita chumba kwa chumba akatuaga wote, wa mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho, na kofia yake ya michezo akamwachia mpishi. Aliondoka vizuri kuliko mimi nilivyobaki. Mimi nilibaki bila kumuaga mtu, na bila kuwa na mtu.

Ndiyo maana sina tena lile jibu la kanga. Yesu katika Luka 14 anawafundisha wageni wakae viti vya nyuma, na mwenye karamu anaweza kumwita mmoja aje mbele. Kiti cha mbele si haramu. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayekitoa. Lakini aliyekaa nyuma amekaa na watu, amekula nao, na akiitwa, ananyanyuka wakimwona. Anayejisogeza gizani akitumaini hakuna atakayegundua, na anayebaki nyuma akinuna mpaka karamu inaisha, wote wawili wameikosa karamu.

Mdogo wangu hakununua ile barua. Kwenye sehemu ya sababu aliandika ukweli: kwamba anataka maktaba kubwa zaidi na ushindani mkali zaidi, na kwamba chuo chake kilimfundisha vizuri ndiyo maana anaweza kuomba. Siku hiyo hiyo akamwambia mwenzake wa chumbani. Yule dada akalia, halafu akasema alikuwa anajua tangu zamani, aliona kwenye simu, alikuwa anasubiri tu kuambiwa. Wamesoma pamoja kwa ajili ya sapu mpaka siku ya mtihani.

Majibu ya uhamisho hayajatoka ninapoandika haya. Huenda kozi imejaa. Juzi nilimuuliza, "Na ukikosa je?" Akasema, "Nitalia siku mbili. Halafu nitakuwa hapa kweli, maana wote wanajua." Naye akaniuliza kama nilishamtafuta yule frateri wa mantiki.

Nilimwandikia jana. Sasa yuko mwaka wa tatu. Bado hajanijibu.

Maswali ya kutafakari

1. Jambo ninalolitamani sasa, ningelitaka bado kama hakuna atakayejua kuwa nimelipata?

2. Je, kuna mahali nilipo kwa mwili tu, na moyo ulishahama bila kuaga?

3. Nani ana haki ya kujua mpango wangu, na ninamficha kwa sababu gani?

Tusali

Ee Bwana, wewe unajua vipawa ulivyonipa na unajua hofu ninayovifukia nayo. Unajua pia nusu ile ya moyo wangu inayotaka kuonekana. Ukinituma mbele, nipe kuondoka mchana, nikiwaaga walionipokea. Ukiniacha hapa, nipe kukaa hapa kweli, mlango ukiwa wazi kwa anayekuja na daftari lake. Amina.

Mama Maria, Msaada wa Wakristo, utuombee. Mtakatifu Monika, utuombee sisi tulioondoka usiku.